Siku Gani?

Januari niliandika malengo nyuma ya risiti ya stima,
kwa kalamu ya duka la misumari ninakofanya hesabu, Barabara ya Kirinyaga:
kumaliza deni la Sacco,
kupunguza sukari,
kujua kuogelea kabla sijafika arobaini na mbili.

La tatu lilinichekesha hata mimi.
Mji wenyewe jina lake ni maji baridi,
nami naogopa beseni.

Risiti ililala pochini hadi Juni.
Usiku mmoja nikaliweka lile la tatu mtandaoni,
taa nimezima, uso wangu samawati kwa mwanga wa simu.
Nina marafiki elfu mbili mia tatu na kumi na wanne.
Mioyo ikaja, myekundu, mia na themanini.
"Unaweza!" akasema mtu niliyesoma naye darasa la sita,
ambaye sauti yake siikumbuki.
"Endelea kung'ara," akasema mwingine, anayeuza nywele.
Binamu yangu akaweka ule mkono wa misuli, mara tatu.
Nikaihesabu mioyo kama ninavyohesabu misumari ya inchi nne:
kwa kilo, si mmoja mmoja.

Kisha, saa sita na dakika kumi,
jina nisilolijua, picha ya kuku mahali pa uso:
"Siku gani?"

Basi. Hapana moyo, hapana misuli.
Nikalitazama swali lile
kama mtu aliyebishiwa hodi akiwa na sabuni machoni.
Nikaandika: labda mwezi ujao. Nikafuta.
Nikaandika: nilikuwa natania. Nikafuta.
Nikatuma: Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Anaitwa Truphena. Anashona sare za shule huko Kayole.
Alikuja na kofia mbili za plastiki, zenye maua,
na chupa ya chai, maana ilikuwa Julai
na jua lilikuwa limegoma wiki nzima.
"Wewe ndiye utakayenifundisha?" nikamuuliza.
"Mimi? Mimi hata kisima sichungulii," akasema.
"Nilikuwa natafuta mtu wa kuogopa naye."

Tukasimama upande wa watoto, maji yakitufika kiunoni.
Kijana wa miaka saba akatupita kama kambare.
Truphena akanishika kiwiko.
Kidole gumba chake kina sugu ya mkasi.
Sijashikwa kiwiko tangu mazishi ya mama.

Simu zetu zilikuwa kabatini, juu ya viatu.
Hakuna aliyetupiga picha,
kwa hiyo sina cha kukuonyesha. Niamini tu.

Jumamosi ya tano, benchini, nywele zikinuka dawa ya maji,
akasema yeye lengo lake ni moja,
na hajaliandika popote:
kumpigia babake, Busia. Miaka sita.
Sikuuliza nani alimkosea nani.
Nikauliza, "Siku gani?"

Akacheka vibaya, kama mtu aliyekanyaga mwiba.
"Leo," akasema. Kisha, "Ngoja nimalize hindi."
Akalimaliza, punje kwa punje, hadi gunzi likawa jeupe.
Akapiga.
Iliita. Iliita. Iliita hadi ikakatika yenyewe.
Sikuwa na la kusema, nikamshika kiwiko.
Nikanunua hindi jingine, la pilipili na ndimu,
tukaligawana bila kuzungumza.

Deni la Sacco bado lipo.
Sukari, usiniulize.
Naweza kukaa chini ya maji hadi hesabu ya kumi na moja.
Kule chini sisikii kitu ila damu yangu masikioni,
na juu kivuli chake kinachezacheza,
anahesabu kwa sauti, ananihesabia mimi peke yangu.

Jumamosi iliyopita, tulipofungua kabati,
simu yake ilikuwa bado ina joto.
Imepigwa mara mbili tukiwa majini. Namba ya Busia.
Akaketi sakafuni, kofia ya maua bado kichwani,
akaanza kukausha vidole,
kimoja,
kimoja.

Sikufungua mdomo.
Swali analijua.